Barua pepe zimepotea kwenye kompyuta? Mjue fundi wa nyuma ya soko kuu, Moshi

Ukifungua programu yako ya barua pepe ukaikuta tupu, na fundi akakuambia barua zimekwenda, usipokee jibu hilo mpaka kompyuta yako imepita kwa kijana mmoja wa hapa Moshi. Yuko nyuma ya soko kuu, ghorofani, ngazi zinapandia nje pembeni mwa duka la vitenge. Hana kibao. Uliza wauza vitenge fundi wa diski, watakuonyesha. Nimetoka kwake na barua ambazo nilishaanza kuziombolezea, na nataka nieleze vizuri alichofanya, kwa sababu tofauti yake na mafundi wengine iko katika namna ya kufanya kazi, wala si katika bahati.

Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Rau. Tangu 2007 nilikuwa napokea barua pepe kwa Thunderbird kwenye kompyuta ya mezani, kwa anwani niliyopewa na kampuni ya intaneti ambayo siku hizi haipo tena. Wengi sasa wamezoea barua kukaa kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni huko mtandaoni, ukipoteza simu unaingia kwenye simu nyingine unazikuta. Zangu hazikuwa hivyo. Zilikuwa zinashushwa kwenye kompyuta na seva inazifuta kwake. Kaka yangu aliyekuwa akiniandikia kutoka Kanada alitumia anwani ya chuo alikofundisha, na alipostaafu ikafungwa na nakala zake zote. Kwa hiyo nakala pekee iliyobaki duniani ilikuwa kwenye diski yangu.

Na hazikuwa salamu tu. Mama alikuwa bado hai na kaka alikuwa akimpigia simu, akimuuliza mambo ya kihamba chetu cha Kibosho, yaani shamba la ukoo, kisha ananiandikia majibu ili yasipotee: mpaka wa upande wa juu unafuata masale yapi, nani alipewa kipande cha karibu na mfereji, kahawa ile ya zamani ilipandwa na babu au na mdogo wake, mti gani usikatwe na kwa nini. Kulikuwa na picha za mama akiwa jikoni, ameshika mwiko, hataki kupigwa picha. Nyumbani kwetu watoto wa ndugu wameanza kuulizana mipaka. Mtu akiniambia barua hizo zimekwenda, ananiambia jambo zito.

Zilipoteaje? Kompyuta ilikuwa nzito, nikaipeleka kwa fundi mwingine mjini, ambaye simtaji, akapiga Windows upya. Kabla ya kupiga alinakili nyaraka, picha na vilivyokuwa kwenye uso wa kompyuta, na vyote alivirudisha. Thunderbird akaiweka mpya. Nilipoifungua ikaniuliza jina na anwani yangu kana kwamba haijawahi kuniona. Nikamrudia, akasema kama barua hazikuwa kwenye nyaraka basi zimefutika.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotezea barua, kwa hiyo nitasimama kidogo. Thunderbird kwenye Windows haiweki barua kwenye folda ya nyaraka. Inaziweka ndani ya folda iitwayo AppData, halafu Roaming, halafu Thunderbird, halafu Profiles. Na AppData imefichwa. Ukifungua kompyuta kwa kawaida huioni. Fundi anayenakili anachokiona kwa macho ataacha barua za miaka yote pale pale na kuondoka akiamini amemaliza kazi. Ukipeleka kompyuta kupigwa Windows mahali popote, Moshi, Arusha au Dar, mtajie mtu wako jina hilo la AppData kabla hajaanza.

Sasa kijana wa nyuma ya soko. Nilipanda zile ngazi nimebebewa kompyuta na bodaboda, akainuka mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa barua zangu zimekwenda."

"Umeiwasha sana tangu ipigwe Windows?"

"Hapana. Nilipoona hakuna kitu niliizima, nikaichomoa kabisa."

"Hapo umenisaidia mama. Na mimi sitaiwasha."

Na kweli hakuiwasha. Alifungua kava, akachomoa diski, akaiunganisha kwa waya kwenye mashine yake iliyopangwa kuisoma tu bila kuandika chochote juu yake. Akaanza kunakili diski nzima, pamoja na sehemu zinazoonekana tupu. Diski ya kizamani ya GB 500 haiishi upesi, akaniambia nirudi kesho yake. Niliporudi, diski yangu halisi ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, imebandikwa karatasi yenye jina langu na tarehe. Akanikabidhi mkononi. "Hii ya asili kaa nayo wewe mama, kazi yote naifanyia kwenye nakala. Nikikosea, nakosea kwenye nakala."

Nimefanya kazi hospitalini maisha yangu yote na sijawahi kuona fundi wa kompyuta mwenye nidhamu hiyo. Fundi wa kawaida huiwasha mashine, anashusha programu ya kufufua mafaili kutoka mtandaoni na kuiweka kwenye diski ile ile anayotaka kuifufua. Kila anachokiandika kinaweza kukaa juu ya kile unachokitafuta. Ukiondoka na neno moja katika maelezo yangu, liwe nakala kwanza.

Alinieleza pia kwa nini kutokuiwasha kulisaidia. Windows ikipigwa juu ya nyingine bila diski kufomatiwa, yaani kufutwa yote kwanza, vitu vya zamani husogezwa kwenye folda iitwayo Windows.old. Lakini Windows 10 huifuta folda hiyo yenyewe baada ya siku 10. Kompyuta yangu ilikuwa imelala chini ya kitambaa, kwa hiyo folda ilikuwa ingalipo, na ndani yake AppData, na ndani yake Thunderbird, hadi kwenye folda yenye jina la herufi za kuokoteza lililoishia na default. Akageuza kioo upande wangu na kusema nisome mwenyewe, yeye hasomi barua za watu.

Kilichofuata ndicho kilichonifundisha zaidi. Kila folda ya barua kwenye Thunderbird ni faili moja refu la maandishi ya kawaida, barua moja chini ya nyingine, kila moja ikianza na mstari wenye neno From. Pembeni yake kuna faili dogo lenye jina lile lile likiishia na msf. Lile kubwa lina barua zenyewe. Dogo ni orodha tu ya kuonyesha nini kiko wapi. Alipozifungua mara ya kwanza, kikasha changu kilionyesha barua za kuanzia 2011, za nyuma hakuna. Moyo ukashuka. Yeye akapima ukubwa wa faili, akasema faili ni kubwa kuliko barua zinazoonekana, kuna kitu kimo ndani. Akalifungua kwa programu ya kuandikia ya kawaida kabisa, akatafuta jina la kaka, na pale katikati ya mistari ya alama nisizozielewa nikaona: "Mdogo wangu, leo nimeongea na mama kuhusu masale ya upande wa juu." Ya 2008.

Orodha ndiyo iliyoharibika, inawezekana kwa umeme kukatika wakati programu iko wazi. Ni kama daftari la mapokezi kuchanika: wagonjwa bado wamo wodini, mapokezi ndio hawajui. Akafunga Thunderbird, akaliondoa lile faili la msf, akafungua tena. Programu ikapitia faili kubwa na kutengeneza orodha mpya, na barua za kuanzia 2007 zikaanza kushuka kwenye kioo. Picha za mama zilikuwamo, maana kiambatisho nacho kinaandikwa ndani ya faili hilo hilo kwa herufi na tarakimu. Ndiyo sababu barua yenye picha ni nzito kuliko picha yenyewe.

Bado kulikuwa na pengo. Mtoto wa dada yangu aliwahi kufuta barua nyingi ili, kama alivyosema, kompyuta ipumue, na kapu la taka akalimwaga. Hizo nilikuwa sizitarajii. Kumbe Thunderbird ukifuta barua haiing'oi kwenye faili papo hapo. Inaiwekea alama tu kwamba isionyeshwe, na inaing'oa siku folda itakapobanwa ili kupunguza nafasi. Alama yenyewe niliiona: mstari unaoitwa X-Mozilla-Status, na mbele yake 0009. Akabadilisha zile alama kuwa 0001 ndani ya nakala, akaiondoa tena ile orodha, na barua zilizofutwa zikarudi zikiwa zimesomwa, kama nilivyoziacha. Nilimshika bega yule kijana, nikamwambia Mungu ambariki.

Si zote zilizorudi, na hilo alinitangulizia kabla sijauliza. Folda ya barua nilizotuma mimi ilikuwa imeshabanwa zamani, kwa hiyo zile zilizofutwa humo hazimo tena kwenye faili. Alipitisha PhotoRec, programu ya bure inayopekua diski nzima kutafuta mabaki ya mafaili, ikaleta vipande, vingine vimekatika katikati ya sentensi. Majibu yangu mengi kwa kaka ya 2009 sinayo. Barua zake ninazo, na hizo ndizo zenye habari za mama.

Wakati nasubiri alikuja baba mmoja wa kampuni ya kupandisha wageni mlimani, yeye anatumia Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft. Huko barua zinazoshushwa kwenye kompyuta mara nyingi hukaa kwenye faili moja linaloishia na pst, na Microsoft wenyewe wanaweka kifaa cha kulitengeneza kiitwacho scanpst. Fundi alimfanyia vile vile, nakala kwanza. Akamwambia Outlook za zamani, za kabla ya 2003, faili lake likifika GB 2 huanza kuleta matatizo, ahamishie kwenye muundo mpya. Yule baba alikuwa na haraka sana, akalipa na kushuka.

Kuna jambo la wenye laptopu mpya, nalo si zuri. Diski za kisasa za SSD zikifutwa kitu, mara nyingi husafisha nafasi hiyo zenyewe baada ya muda mfupi, na PhotoRec haitakuta hata mabaki. Fundi anakuambia hivyo waziwazi kabla ya kuchukua pesa. Ikiwa barua zako zipo kwenye SSD na umezifuta jana, izime leo na umpelekee leo.

Bei: 10,000 ya kuangalia, ambayo inakatwa kwenye malipo ukikubali kazi. Mimi nililipa 60,000 jumla, flashi nilinunua mwenyewe. Kwa nilichopata naona ni haki. Lakini ile 60,000 aliitaja baada ya kumaliza kunakili diski, na mtu asiye na uwezo angejisikia amebanwa. Aseme mapema. Risiti hatoi mpaka uombe. Ngazi hazina pa kushikilia, nasi wenye magoti ya umri huu tunapanda kwa kuegemea ukuta. Ujumbe wa simu hujibu akipata nafasi, ni afadhali uende.

Mwisho wa kazi aliweka barua kwenye Thunderbird mpya mbele yangu: akaifunga programu, akabandika yale mafaili makubwa kwenye folda za ndani ya kompyuta bila ya msf, akaifungua, zikaonekana. Nilipokubali kwamba nimeridhika, alifuta nakala ya diski yangu kwenye mashine yake huku nikiangalia. Akanifundisha kunakili folda nzima ya Profiles kwenye flashi, programu ikiwa imefungwa. Nimeshafanya hivyo, flashi moja iko kwangu na nyingine kwa mdogo wangu Himo.

Hufungua Jumatatu hadi Jumamosi, asubuhi kuna foleni ya simu za kutengenezwa. Nenda mchana baada ya saa nane, akiwa na muda wa kukusikiliza, na uende na waya wa umeme wa kompyuta yako kwa sababu pale upo mmoja na unagombewa.