Ori: ya 2015 au ya 2020?

Kati ya gemu mbili za video za Ori, kiumbe mdogo wa nuru unayemwongoza, anza na Blind Forest ya 2015, ingawa Will of the Wisps ya 2020 ni tamu zaidi kuicheza. Katika ya kwanza kupigana ni kubonyeza tu. Miali ya Sein, nuru ndogo inayoandamana na Ori, inawatafuta maadui yenyewe. Ya pili inampa Ori upanga wa nuru na upinde, halafu mchezo unajihifadhi wenyewe, wakati katika ya kwanza kuhifadhi ulikulipia kwa nishati yako. Kwa uzuri wa picha, ya pili inaongoza: msitu una kina, majani yanatikisika Ori akipita.

Lakini ile sehemu ya kutoroka ndani ya mti wa Ginso katika ya kwanza! Maji yanapanda kwa kasi chini yako, ukikosea mruko mmoja unarudia mbio zote. Ya pili haijawahi kunibana hivyo.