Betri ya stata na betri ya nyumba kwenye motahomu: soma lebo kwanza

Karibuni watazamaji. Leo ni betri za motahomu, yaani gari lenye makazi ndani. Mezani nina betri tatu, zote za volti 12. Ya kushoto ni ya stata, inakaa kule kwenye injini. Ya kati ni betri ya nyumba: taa, pampu ya maji, feni, friji, vyote vinaitegemea mkishaegesha. Ya tatu ni lithiamu, tutaifikia.

Tuanze na stata. Kazi yake ni ya sekunde chache. Ukiwasha gari, stata inavuta mamia ya amp kwa mkupuo, kisha altaneta inarudisha kilichotoka. Ndiyo maana ndani imejazwa pleti nyembamba nyingi, umeme utoke kwa kasi. Ila pleti nyembamba hazivumilii kukamuliwa. Ukiitumia kwa taa na feni usiku kucha mpaka ilale, ikirudiwa mara chache tu imekufa. Betri ya nyumba ina pleti nene. Inatoa kidogo kidogo kwa saa nyingi, na inastahimili kushuka na kujazwa upya. Zinatenganishwa ili hata mkimaliza umeme wa ndani, asubuhi injini iwake bila kutafuta mtu wa kuwabustia.

Sogeza kamera hapa kwenye lebo. Hii ya stata imeandikwa CCA kwa herufi kubwa, yaani amp inazoweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Hii ya nyumba imeandikwa Ah 100, yaani amp-saa: amp zidisha kwa saa inazotoa. Kwa kawaida hiyo 100 imepimwa betri ikitoa amp 5 kwa saa 20. Ukiivuta kwa nguvu zaidi, kwa mfano kupitia inveta kubwa (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa soketi ya nyumbani), hiyo 100 huipati.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana watu wanauziwa betri ya stata iliyobandikwa stika ya betri ya nyumba. Ukiona CCA ndiyo inayotangazwa mbele, na hakuna popote panaposema inaweza kushushwa na kujazwa mara ngapi, kuwa na shaka. Halafu ipime uzito. Hii ya kati inasoma kilo 27. Risasi ni nzito, na pleti nene maana yake ni risasi nyingi. Ukishika ya Ah 100 ukakuta kilo 17, iache dukani.

Sasa hesabu. Betri ya risasi, iwe ya maji au AGM (iliyofungwa, asidi yake imefyonzwa kwenye mkeka), usiishushe chini ya nusu ukitaka idumu. Kwa hiyo Ah 100 ni Ah 50 za kutumia. Friji ya kompresa ikivuta amp 4 na kufanya kazi theluthi moja ya muda, kwa siku imekula Ah 32. Ongeza taa, pampu, feni na simu, zile 50 zimeisha. Siku moja tu! Ukitaka kujua imefika wapi, zima kila kitu, iache itulie saa chache, kisha pima volti kwa multimita: volti 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu.

Lithiamu ya Ah 100 inakupa 80 hadi 90, na uzito wake ni kama kilo 12. Kwa anayeegesha siku mbili tatu mbali na umeme, mimi namshauri achukue hii bila kusita. Anayelala kila siku penye soketi ya umeme, AGM inamtosha kabisa. Multimita haikusaidii sana kwenye lithiamu, kwa sababu volti zake zinabaki palepale karibu mpaka mwisho. Funga mita ya shanti inayohesabu amp. Na isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi sifuri.

Kinachonisikitisha ni betri nzuri kulaumiwa wakati kosa liko kwenye chaji. Magari ya zamani yana relei inayounganisha betri mbili injini ikiwaka. Mengi ya kisasa yana altaneta inayoshusha volti yenyewe ili kubana mafuta, kwa hiyo unaendesha kutwa na betri ya nyumba haijai. Nayo betri ya risasi inayokaa bila kujaa, pleti zake zinaota salfeti na uwezo unapungua. Lithiamu ina tatizo la upande wa pili: inameza kila amp inayopewa, altaneta inaweza kuchemka mpaka ikaungua. Dawa ya yote mawili ni chaja ya betri kwa betri, inayochukua umeme upande wa stata na kuipa betri ya nyumba volti na amp zinazoifaa. Ukibadili betri, itengee bajeti siku hiyohiyo.

Betri ya maji ikiwa ndani mnamolala, lazima iwe na mpira wa kutoa hewa nje, kwa kuwa ikichajiwa inatoa haidrojeni. Na fyuzi ikae karibu kabisa na terminali ya chanya.

Niandikieni hapo chini friji yenu ni ya aina gani na mnaegesha siku ngapi, tupige hesabu pamoja.