Nguva dume wa kulipwa: mkia wa silikoni au wa kitambaa?

Ukilipwa kuvaa mkia wa samaki na kuogelea kama nguva dume kwenye sherehe au maonyesho, mkia upi uchague? Tuanze na uzito, maana ndio unaoamua mengi. Mkia wa silikoni mara nyingi hufika kilo 15 hadi 25; wa kitambaa, pamoja na pezi lake la ndani, ni kilo chache tu. Majini tofauti hiyo karibu inayeyuka. Nchi kavu ni balaa: bila msaidizi na kitoroli hufiki ukingoni mwa bwawa, na begi la ndege la kilo 23 limejaa kabla hujaweka taulo.

Kwa sura, silikoni haina mpinzani. Magamba yana kina, pezi huyumba taratibu, na nyuma ya kioo cha tangi la maonyesho uzuri huo huonekana. Bei nayo ni mara kadhaa zaidi. Kuuvaa: paka miguuni kilainishi cha maji, kisha vuta kwa viganja. Kucha moja huanzisha mpasuko, na mpasuko huo huzibwa kwa gundi ya silikoni tu, nyingine hubanduka.

Kitambaa hutoboka kwenye ncha za pezi, panapokwaruza sakafu. Paka gundi ya viatu hapo kabla ya kazi ya kwanza. Klorini hulegeza nyuzi, kwa hiyo suuza kwa maji safi, geuza ndani nje, anika kivulini.

Sherehe za watoto, safari nyingi, uko peke yako? Kitambaa. Una mkataba wa tangi na msaidizi? Silikoni, ila ukikaa nao juani utatokota.