Makao Yanayomjua Mzee Mchana Kuliko Usiku

Mama yangu alikaa katika makao haya ya wazee kwa miezi 14, tangu alipotoka hospitalini baada ya kuvunjika nyonga hadi alipofariki. Jina la makao sitalitaja, kwa kuwa anayetafuta mahali pa kumweka mzazi wake atanufaika zaidi kwa kujua mambo ya kuangalia kuliko kwa kujua jina.

Tathmini ya kwanza ilinipa imani kubwa. Muuguzi aliyetupokea hakuanza na orodha ya maradhi, bali alianza na yale ambayo mama aliweza kuyafanya kwa mikono yake mwenyewe. Alitumia kipimo cha Katz, kilichochapishwa mwaka 1963, ambacho huangalia mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja na kula. Maswali hayo mtu yeyote anaweza kuyasoma kwenye karatasi na kuweka alama, lakini yeye hakuridhika na majibu ya mdomo. Mama aliposema kwamba anavaa bila shida yoyote, muuguzi alimpa blauzi na kumwambia, "Mama, naomba nione." Tukaona kwamba vifungo alivifunga vizuri kabisa, ila mkono wa kushoto haukuweza kurudi nyuma ili kuingia kwenye nguo. Kwa hiyo kwenye faili hakuandikwa kuwa ni mtu wa kuvishwa. Iliandikwa kwamba ashikiwe nguo upande wa kushoto, kisha aachwe amalize mwenyewe. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kutunza wazee, kwa maana mzee anayevishwa kila siku nguo anayoweza kuivaa hupoteza uwezo huo baada ya muda mfupi. Niligundua pia kwamba mzee huulizwa akajibu kwa kulinda heshima yake, mwanawe akajibu kwa hofu yake, na wote wawili wakakosea pasipo kudanganya.

Kipimo cha kumbukumbu hakikuanza vizuri. Ni kile chenye alama 30, ambacho mtu huulizwa tarehe na mahali alipo, hukariri maneno matatu, hutoa hesabu kwa kurudi nyuma na kunakili mchoro. Mama alipata alama 17, na mhudumu alikuwa tayari kuiandika alama hiyo nilipotambua kwamba vifaa vyake vya kusaidia kusikia vilikuwa bado mkobani, na miwani ilikuwa pamoja navyo. Niliomba kipimo kirudiwe. Siku nne baadaye, baada ya kulala vizuri na akiwa amevaa vyote viwili, alipata 24. Siwezi kudai kwamba tofauti yote ilitokana na masikio, lakini mtu asiyesikia neno hawezi kulikumbuka, na alama ile ya kwanza ingebaki kwenye faili ingemfuata mama kwa kila daktari. Nawapongeza kwa kukubali bila ubishi, ingawa jambo hilo halikupaswa kungoja jicho la mwanafamilia.

Upande wa dawa walinishangaza kwa uzuri. Mama aliingia na dawa za aina tisa, na mfamasia wa makao aliuliza sababu ya kila moja, akazilinganisha na orodha ya Beers, yaani orodha ya dawa ambazo mara nyingi hazifai kwa wazee, ambayo ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 ilikusudiwa hasa wakazi wa makao ya wazee. Dawa ya usingizi aliyokuwa akimeza kwa miaka mingi ilipunguzwa polepole, kwa kuwa dawa za kundi hilo huongeza hatari ya kuanguka na kuchanganyikiwa. Ngozi yake ilikaguliwa kwa kipimo cha Braden na akaonekana kuwa katika hatari ya vidonda vya mgandamizo. Tangu hapo visigino vyake viliinuliwa juu ya mto, na katika miezi yote hiyo hakupata kidonda hata kimoja. Uzito ulipimwa kila mwezi, na wahudumu wa mchana walimlisha wakiwa wameketi, macho yao yakiwa usawa wa macho yake.

Malalamiko yangu yanahusu usiku. Mwezi wa tano mama alianza kusinzia mchana, akawa hamalizi chakula wala sentensi. Kwa usiku tatu mfululizo daftari la zamu liliandikwa neno moja: "ametulia". Hakuwa ametulia, alikuwa mgonjwa. Mkanganyiko wa akili unaoingia ghafla kwa mzee si lazima uwe wa kupiga kelele na kung'oa mirija. Mara nyingi huja kwa ukimya, na kwa sababu mzee aliye kimya hamsumbui mtu, huchelewa kutambuliwa. Aliyeutambua ni muuguzi yuleyule wa siku ya kwanza, aliyemwomba mama ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma, jambo ambalo wiki moja kabla alilifanya bila kusita, akashindwa kupita siku ya pili. Chanzo kilikuwa choo kilichokauka na kuzuia mkojo. Kilitibiwa kwa siku mbili, akili ikarudi baada ya wiki tatu hivi, lakini hatua alizokuwa ametembea kabla ya hapo hazikurudi zote.

Nilipouliza, nilielezwa kwamba wahudumu wengi wa usiku walikuwa wa kuazimwa, na faili zilifungiwa ofisini baada ya saa za kazi. Hivyo tathmini nzuri niliyoishuhudia ilikuwa haimfikii mtu aliyesimama kando ya kitanda saa nane za usiku. Ndiyo sababu pia mama alivishwa nepi kila usiku kama wakazi wengine wote, ilhali faili ilisema wazi kwamba akisaidiwa kuinuka mara mbili hufika chooni. Jambo hilo lilimuumiza kuliko nyonga.

Baada ya kulalamika kwa maandishi, uongozi ulibandika ndani ya mlango wa kabati la kila mkazi ukurasa mmoja unaoeleza anavyosikia, anavyoinuliwa, anavyokwenda chooni na anavyokuwa akiwa mzima, ili anayemwona kwa mara ya kwanza apate cha kulinganisha. Makabidhiano ya zamu yalihamishwa kutoka ofisini hadi kando ya kitanda. Hali ilibadilika kwa kiasi kikubwa, ingawa si kabisa, kwani mara mbili baada ya hapo nilifika jioni na kukuta vifaa vya masikio vimefungiwa ndani ya droo, mama akiitikia kila neno kwa tabasamu.

Anayekwenda kuyakagua makao ya aina hii na aende baada ya chakula cha jioni, amwombe mhudumu wa zamu ya usiku amweleze mkazi mmoja bila kufungua faili wala kutaja jina lake. Kwa upande wetu, mama mdogo, aliyebaki peke yake mwaka huu, ataingia katika makao hayohayo mwezi ujao. Tumeomba mhudumu wa usiku awepo katika tathmini yake ya kwanza, na meneja amekubali.