Glengarry Glen Ross: Ukinunue au Ukiache?

Hamjambo watazamaji wangu, Kampala hapa. Leo mkononi nina kitabu chembamba cha tamthilia, Glengarry Glen Ross ya David Mamet. Ilichezwa mara ya kwanza London mwaka 1983, mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Pulitzer.

Kisa ni cha mabroka wa ardhi huko Marekani. Ofisi imewawekea shindano: wa kwanza anapewa Cadillac, wa pili visu vya kukatia nyama, wawili wa mkiani wanafukuzwa.

Mjomba wangu aliwahi kuuziwa kiwanja Wakiso ambacho tayari kilikuwa na mwenyewe. Broka alimwita "mzee wa maamuzi", basi, mjomba akatoa pesa kabla hata ya kumwona mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji! Kwa hiyo Ricky Roma, mmoja wa mabroka wa tamthilia hii, nilimtambua mapema. Huyu hauzi ardhi. Anakaa na mteja, Lingk, kwenye mkahawa wa Kichina, anampigia soga za maisha na woga na ujasiri, karatasi ya viwanja inatoka mwisho kabisa. Lingk ananunua uanaume. Kesho yake huyoo anarudi, mnyonge: mke wangu anataka hela zirudi. Mke mwenyewe jukwaani hatumwoni, maana wahusika wote saba ni wanaume, ila ndiye aliyepiga simu kuulizia haki zao.

Aliyenikata maini ni Levene. Mzee mzima, zamani alikuwa kinara wa mauzo, sasa anambembeleza meneja ampe majina ya wateja wazuri. Meneja anataka dola 50 kwa kila jina, taslimu, na mzee hana. Usiku ofisi inavunjwa. Nani kavunja sisemi. Nasema tu kinywa kiliponza kichwa, na kilikuwa kinajisifu.

Kasoro? Matusi yamejaa, msisome mbele ya wazee. Na Kiingereza chake ni cha kukatizana, mtu hamalizi sentensi. Mimi ukurasa wa tano nilikwama, nikamwita jirani tukasoma kwa sauti, kila mtu na mhusika wake, ndipo kikafunguka. Halafu yule bosi wa kwenye filamu ya 1992, anayewatukana wafanyakazi na saa yake ya bei mbaya, humu hayumo. Aliongezwa kwenye filamu.

Nunueni. Changu msiniombe, kinakwenda kwa mjomba.