Ulinzi wa poti kwenye swichi: tumefungiwa nje na kufuli tulilolinunua wenyewe

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kungoja zipoe. Kama una ofisi, duka au zahanati yenye kompyuta kadhaa, na kampuni ya mitandao inakushawishi uweke ulinzi wa poti kwenye swichi (swichi ni kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi kwa nyaya, poti ni kila tundu lake la waya, na ulinzi huu huamua mashine ipi ikubaliwe kwenye tundu lipi), soma kwanza yaliyotupata sisi.

Nasimamia zahanati ya binafsi huku Mbagala. Si kubwa: mapokezi, vyumba vya madaktari, maabara, keshia na dirisha la dawa. Mwaka jana hivi, kampuni iliyotufungia mtandao ilinikalisha chini ikaniambia soketi zetu za mtandao za ukutani ziko wazi mno. Mtu anakaa kwenye benchi la kusubiri, anachomeka laptop yake, na tayari yumo kwenye mtandao uliobeba majina na magonjwa ya watu. Wakanitajia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile iliyoanza kutumika Mei 2023. Hapo walinipata, kwa sababu siri ya mgonjwa kwangu si jambo la kuchezea. Nikalipa. Kila poti ikashikishwa anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ambayo kila kifaa cha mtandao hutoka nayo kiwandani, ya mashine iliyokuwa imechomekwa siku hiyo, na poti zisizo na kitu zikazimwa.

Kwa miezi kadhaa sikuwa na neno baya, na lazima niseme haki: niliipenda. Kabla ya hapo tuliwahi kupoteza asubuhi nzima kwa sababu mtu alileta rauta ndogo ya nyumbani, akaichomeka kwenye soketi ya chumba cha sindano ili simu yake ipate Wi-Fi. Ile rauta ikaanza kugawa anwani za IP, namba ambazo kompyuta hutumia kuwasiliana mtandaoni, kwa kompyuta zetu. Zilizopokea kutoka kwake zikapotea, kwa kuwa yenyewe haikuwa na njia ya kutoka kwenda popote, na sisi tukabaki kulaumu kampuni ya intaneti bure. Tangu ulinzi uwekwe, kioja hicho hakijarudi. Kwa hilo pekee ningeipa alama nzuri.

Sasa njoo kwenye Jumatatu ile.

Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, pawa saplai ya kompyuta ya mapokezi ikaungua. Harufu ilifika hadi barazani. Mama yetu wa mapokezi, mtu mzima aliyekaa dirisha lile kabla hata mimi sijafika, alifanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: alikwenda dirisha la dawa, ambako kuna kompyuta mbili, akaleta moja, akachomeka waya wa mtandao. Taa ya nyuma ya kompyuta ikamulika mara moja, ikazima. Akachomoa, akachomeka tena. Hakuna kitu. Nilipofungua kabati la chuma lililo juu ya mlango wa stoo nikaona safu ya taa za kijani zikichezacheza, na moja katikati imeganda rangi ya chungwa.

Mapokezi bila mtandao, kadi ya bima haihakikiwi. Kadi isipohakikiwa, mgonjwa haendi kwa daktari. Watu wakajaa, watoto wanalia, bibi mmoja akaketi chini kwa sababu benchi limejaa. Tukaishia kuunganisha simu ya mama wa mapokezi kwenye kompyuta kwa waya wa USB, kwa bando lake mwenyewe. Kadi zikaanza kuhakikiwa, lakini mafaili ya wagonjwa yako kwenye seva ya ndani, na huko simu haifiki. Yakaandikwa kwenye karatasi. Na jiulize kidogo: kompyuta ya zahanati sasa imetoka intaneti kupitia simu ya mtu, nje ya kila kizuizi tulichokilipia. Ulinzi ulitusukuma wenyewe kwenda mahali pa hatari kuliko pale tulipoanzia.

Nikapiga simu. Nikaambiwa nifungue tiketi, yaani nisajili tatizo kwenye mfumo wao. Nikaifungua. Nikapiga tena, nikaambiwa fundi yuko njiani, na mtu anayeijua barabara ya Kilwa saa zile anajua maana ya kuwa njiani.

Alipofika, kijana mwenye begi mgongoni, alipita katikati ya wagonjwa bila salamu. Mama akamwambia, "Karibu mwanangu, pole na foleni." Jibu lake lilikuwa hili: "Nani kaihamisha hii mashine?"

"Mimi, baba. Ile nyingine imeungua."

"Nani kakuruhusu? Mashine hii si ya hapa. Nyie ndio mnaharibu mtandao, halafu mnatupigia simu."

Benchi zima lilisikia. Mama hakujibu. Akaanza kupanga kadi ambazo zilishapangwa. Nikamwambia yule kijana, kaka, mashine ni yetu, swichi ni yetu, na unayesema naye ana umri wa kukuzaa. Akanijibu bila kuinua macho, "Sera ndiyo inasema hivyo, bosi." Sera ipi? Sisi hatujawahi kuandika wala kusaini sera yoyote. Waliiandika wao, wakaifungia ndani ya swichi, wakaondoka nayo.

Akafungua laptop, akachapa mistari michache, taa ikawa ya kijani. Kazi yenyewe haikufika hata robo ya muda aliotumia kugomba. Baadaye ikaja ankara: safari ya dharura, shilingi 80,000.

Usiku ule nilimpigia rafiki yangu anayetunza mitandao ya hoteli Zanzibar, na alichonieleza ndicho kilichoniwasha zaidi. Kwanza, mashine yetu haikukataliwa kwa ugeni. Ilikataliwa kwa sababu ilikuwa inajulikana. Anwani yake ilikuwa imesajiliwa kwenye poti ya dirisha la dawa, na swichi ikiiona anwani hiyo hiyo inatokea poti nyingine yenye ulinzi ndani ya VLAN ile ile (kundi moja la poti zinazohesabiwa kama mtandao mmoja), inahesabu kuwa ni uvunjaji. Ni mlinzi anayeijua sura yako vizuri, lakini kwa kuwa umekuja kwa geti la pili anakufungia geti na kuondoka na ufunguo. Walishindwaje kutuambia sentensi moja tu, kwamba kompyuta zisihamishwe bila wao kujulishwa? Zahanati inahamisha vitu kila siku.

Pili, adhabu si moja. Poti inaweza kuwekwa iwe inadondosha data za kifaa kigeni, yaani haizipitishi, kimyakimya, au iwe inadondosha na kuandika taarifa kwenye kumbukumbu ili fundi aone, au ijifunge yote. Hiyo ya tatu ndiyo swichi za Cisco, kwa mfano, huchukua zenyewe usipochagua, na kiwango cha kuanzia ni kifaa kimoja kwa kila poti. Kwa maneno mengine, wale mabwana huenda hawakuchagua chochote. Waliwasha, wakatoza, wakaondoka. Nilikumbuka hapo kwamba daktari mmoja alikuwa akilalamika kila alipochomeka kompyuta nyuma ya simu yake ya mezani. Simu ina anwani yake, kompyuta ina yake, poti inakubali moja. Na sisi tulikuwa tukimwambia simu ni mbovu.

Tatu, swichi inaweza kuambiwa ijaribu kuifungua poti yenyewe baada ya muda, kwa kawaida sekunde 300. Kama kosa bado lipo itajifunga tena, kama limeondoka kazi inaendelea. Sekunde 300 ni dakika tano. Tungeirudisha ile kompyuta ilikotoka, tukachomeka mapokezi mashine ambayo haijasajiliwa kokote, tuseme poti imeruhusiwa vifaa viwili, na foleni ingetembea kabla ya saa nne. Badala yake bibi amekaa sakafuni mpaka alasiri.

Kwa hiyo nilitaka kuandika hapa: msiweke, ni upuuzi. Niliiandika sentensi hiyo na nikaifuta, kwa sababu ile rauta ya chumba cha sindano siwezi kuisahau, na soketi iliyo wazi karibu na benchi la wagonjwa bado inanikosesha usingizi. Ulinzi wa poti unafanya kazi. Unamzuia mfanyakazi mwenye haraka na mgeni asiyejua. Lakini kila nikifikiri zaidi, sifa ninazoupa zinapungua. Rafiki yangu alinipa zoezi: nenda nyuma ya printa yako usome kibandiko. Nikaenda. Anwani ya MAC imeandikwa pale, herufi na tarakimu 12, mtu yeyote anaisoma. Mwenye nia mbaya anaiandika kwenye laptop yake, anachomoa printa, anachomeka yeye, na swichi inampokea bila swali. Waliponiuzia kwa kutaja sheria na wezi wa taarifa, hilo hawakulitaja. Kwa mwizi wa kweli kuna kiwango cha mtandao kiitwacho 802.1X, ambako kifaa kinatakiwa kujitambulisha kwa jina na neno la siri au kwa cheti kabla poti haijafunguka, na kiwango hicho kipo tangu 2001. Kina gharama na kinataka seva ya uthibitisho, sawa. Basi wangeniambia bei nichague mwenyewe.

Kinachoniuma kuliko yote ni kwamba mpaka leo sina neno la siri la swichi yangu. Nimelinunua lile kabati, nimeinunua swichi iliyomo, umeme unaoiwasha nalipa mimi, lakini taa ikigeuka chungwa natakiwa kumsubiri mtu aje kumfokea mfanyakazi wangu mbele ya wagonjwa. Nimeandika barua kuliomba. Jibu ni kwamba "linashughulikiwa". Nimeomba pia kijana aje amtake radhi mama wa mapokezi. Hilo halijajibiwa kabisa.

Nilikuwa nimewapa nyota tatu, mbili kwa ulinzi wenyewe na moja kwa kazi safi ya nyaya. Naziondoa zote za kampuni, za ulinzi zibaki. Mkataba ukiisha sihuishi. Poti zitaendelea kulindwa, ila mapokezi na dirisha la dawa zitaruhusiwa vifaa viwili na adhabu itakuwa kudondosha na kuandika taarifa, na fundi atakayekuja ataniachia neno la siri kwenye bahasha kabla sijamlipa hata shilingi.