Kabla hujanunua oveni Dodoma, tia rula kwenye mkoba

Keki ya kwanza kwenye oveni yangu ya kwanza ililiwa pembeni tu. Ilikuwa ya kipaimara cha mtoto wa pili. Wifi yangu alikuwa ametoka Kongwa na ndoo ya karanga, nami nilishajitapa kwa ukoo mzima kwamba safari hii hatuagizi keki mjini. Mayai manne, siagi, zabibu kavu za Hombolo nilizoziloweka usiku kucha kwenye chai ya rangi. Ikapanda vizuri. Ikazidi kupanda. Dakika ya ishirini na mbili nikasikia harufu, kuchungulia kwenye kioo naona keki imeishika koili ya juu na inafuka moshi kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Juu mkaa, katikati uji. Wifi, Mungu ambariki, akakata pembe zilizopona, akala na chai, akasema ladha ipo.

Nilidhani kosa ni langu. Mwezi mzima nikawa napunguza moto, napunguza yai, nasali. Mpaka siku moja kwenye kikoba chetu cha Nkuhungu mazungumzo yakaangukia mapishi, tukajikuta watatu tuna oveni ndogo, na wote watatu hadithi ni moja. Mmoja anazikwangua skonzi kwa kisu kila Jumamosi, anawaambia watoto ndivyo zilivyo. Mwingine yake ameigeuza kabati la sahani. Tuliponunua, wote tuliulizwa swali lilelile dukani: "Dada, unataka lita ngapi?"

Lita! Hapo ndipo tunapopigwa. Lita ni upana mara kina mara kimo. Oveni inaweza kuwa na lita 30 kwa sababu ni pana kama meza, lakini dari yake iko chini kama banda la kuku. Keki haipandi kwenda kushoto wala kulia, inapanda kwenda juu. Kinachotakiwa kupimwa ni kitu ambacho sijawahi kukiona kimeandikwa kwenye boksi lolote: nafasi kati ya wavu na koili ya juu.

Koili ikiwa nyekundu joto lake humulika, kama jua la saa nane mchana hapa Dodoma. Uko kivulini unapepewa na upepo, ukitoa kichwa tu kinaungua. Sehemu ya keki iliyo karibu na koili hukauka na kuwa ganda mapema, wakati katikati bado ni rojo na bado inafura. Ikikosa pa kwenda inalipasua ganda na kutoka kama jipu. Ule mlima wenye ufa unaoulaumu unga au mayai, mara nyingi ni koili iliyokaa karibu mno.

Kwa hiyo fanya hivi. Weka wavu kwenye ngazi ya chini kabisa. Simamisha rula juu ya wavu, soma mpaka kwenye koili ya juu. Kopo la kawaida la keki lina kimo cha sentimita 7 au 8. Keki ikiiva hutokeza kama sentimita 2 juu ya ukingo. Juu ya hapo ibaki nafasi tupu ya sentimita 5 hata kama hupendi hesabu. Jumla ni 15. Yangu ile ya kwanza ilikuwa na 11. Kumi na moja! Niliipima baada ya kuinunua, ndiyo maana naandika haya.

Cha pili, na ni cha mwisho ninachodai, ni swichi ya kuchagua moto: chini peke yake, juu peke yake, au pamoja. Kuna oveni zinazowasha zote mbili utake usitake. Mama yangu kule Mpwapwa alikuwa anaoka mkate kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Mkate ukianza kupata rangi mapema, anaondoa makaa mawili ya juu kwa koleo. Sasa unalipa laki na nusu kununua chombo cha umeme kisichoweza kufanya alichokuwa anafanya mama kwa koleo?

Mambo ya rangi, taa ya ndani, kioo cheusi na kengele sitayaandika. Muuzaji atakusimulia hata usipomuuliza.

Namba moja: oveni ya mezani ya lita 45, na kama mfuko unaruhusu, Kenwood

Ndiyo, nina upendeleo, na hakuna anayenilipa. Blenda ya Kenwood ya mama mkwe nimeikuta nyumbani kwake nikiwa mchumba, na bado inasaga. Kampuni yenyewe ilianzishwa Uingereza mwaka 1947 na bwana Kenneth Wood, na tangu 2001 iko mikononi mwa De'Longhi wa Italia. Hayo hayaokoi skonzi ya mtu, najua. Kilichonishika ni kwamba niliposimamisha rula ndani ya hii niliyonayo ilisoma 16 na kidogo, na swichi ya chini peke yake ipo. Mkate wa maziwa unatoka na rangi ya asali juu na chini sawasawa. Vileja trei moja, dakika kumi na tano, na havijapasuka. Kuku mzima anaingia bila kukunjwa miguu. Zabibu nyekundu zikiwa nyingi nazikausha humo kwa moto mdogo, mlango nimeuegesha na kijiko cha mbao.

Zipo lita 45 za majina mengine ambazo mashosti zangu wanazifurahia, sikatai. Rula ikisoma 15 na swichi ikiwepo, chukua. Mimi ningebaki na yangu.

Kuhusu bei, nisamehe, hapa nitachelewa kidogo. Mjini hapa niliambiwa 480,000. Nikasema sawa, wacha nifungue nipime. Kijana akanitazama kama nimeomba kufungua kaburi. "Mama, boksi likifunguliwa umenunua." Nikamuuliza, na nikinunua halafu nikakuta haifai? Akanyoosha kidole ukutani: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Yaani nguo ya mtumba Sabasaba naijaribu mwilini mbele za watu, kitambaa cha elfu nne nakinyoosha mpaka mlangoni nikione juani, ila kitu cha karibu nusu milioni nikipokee gizani kama zawadi ya harusi. Duka la pili walikuwa na moja ya maonyesho, nikaingiza rula, jamaa akauliza kama ninatoka serikalini. Nikatamani kumjibu ndiyo.

Basi nikapanda SGR alfajiri, nikashuka Dar, nikaingia Kariakoo. Ya jina lilelile na ukubwa uleule, 390,000, na boksi likafunguliwa bila kununa. Kulituma kwa basi nikalipa 15,000. Sasa ile elfu tisini ya Dodoma ni ya nini? Kwa barabara ya kilomita 450 hivi? Na usijaribu kununua chochote cha umeme Bunge la Bajeti likishaanza mwezi Aprili, maana hata bei ya feni inavaa suti. Nauli yangu sijaijumlisha, mume wangu ndiye anayenikumbusha. Lakini kama una mtu anayepita Kariakoo, mpe rula.

Umeme haunyonyi kama wanavyotisha. Yangu ni wati 1,800. Keki moja, pamoja na dakika kumi za kupasha, ni kama saa nzima. Kwa kuwa koili huzima na kuwaka yenyewe, haifiki uniti 1.8. Niliitazama mita nikaona imekula 1.2. Kwa LUKU ya elfu moja kwa uniti 2.8, hiyo ni kama shilingi 430. Wa kuwa macho ni walio kwenye D1, wanaopata uniti 75 za mwezi kwa bei nafuu. Ukioka kila siku unazivuka. Oka Jumamosi, vitu vitatu mfululizo, oveni ikiwa tayari ina moto. Na usiichomeke kwenye ekstensheni moja na pasi. Plagi ya ampia 13 mwisho wake ni kama wati 3,000, na oveni peke yake imeshakula zaidi ya nusu.

Namba mbili: jiko la gesi la kusimama lenye oveni

Hili ni la familia kubwa, au la mitaa ambayo umeme unakatika ukiwa na mkate tumboni mwa oveni. Kwa ugonjwa wangu wa koili ya juu ni dawa kabisa, kwa sababu oveni ya gesi mara nyingi huwaka chini na dari ni ya juu. Rula hapo hata huitoi mkobani. Kasoro yake ni kinyume: chini huungua. Weka trei tupu ngazi moja chini ya kopo, tatizo linapungua sana. Kingine ni kwamba moto haushuki vya kutosha. Nyingi hata ukipunguza hadi mwisho zinabaki kama nyuzi 150, kwa hiyo kukausha zabibu au kuoka povu la mayai na sukari, sahau.

Uliza swali moja: oveni inawaka kwa nini? Kuna majiko mengi yanaitwa ya gesi, mafiga matatu ya gesi, la nne la umeme, na oveni yenyewe ni ya umeme. Mwenzetu mmoja aligundua siku umeme umekatika. Na chukua mtungi wa kilo 15, kwa sababu wa kilo 6 utakuachia mkate nusu. Ila jiandae kuhubiriwa. Tangu ule mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia utoke mwaka 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, kila muuza majiko amekuwa mwinjilisti. Mahubiri nayakubali. Ninachouliza ni kwa nini baada ya mahubiri bei inapanda.

Namba tatu, kwa shingo upande: mashine ya kukaanga kwa hewa ya moto

Kila harusi sasa inapewa mbili. Kwa kuku, viazi, samaki, sambusa za kupasha, sina neno, na mafuta ya alizeti ya Singida dumu langu linakaa mwezi wa pili sasa. Kwa keki, hapana. Koili iko juu, feni iko juu, na mara nyingi kutoka kwenye kopo hadi hapo ni vidole vitatu. Ni ile oveni yangu ya kwanza, ila hii ina upepo. Ukilazimisha, tumia kopo fupi na moto wa nyuzi 150, na usijaze zaidi ya nusu.

Za bei rahisi

Vioveni vya lita 9 hadi 20: toast na kupasha pilau. Sufuria yenye mchanga juu ya jiko la mkaa: inawezekana, mama zetu wametulea nayo, na moto wake wa juu unautawala mwenyewe. Tuendelee.

Kama umeshanunua ile fupi

Usiitupe. Acha kopo refu, oka keki za vikombe au mkate bapa wa trei, na usijaze zaidi ya nusu. Pasha kwa koili zote mbili, ukiingiza keki zima ya juu kama swichi inaruhusu. Kama hairuhusu, dakika ya kumi na tano funika kwa foili iliyolegezwa, upande unaong'aa ukitazama juu. Usiibane, keki ikipanda inagandia. Asubuhi za Juni na Julai, pale baridi ya Dodoma inapofanya unga wa skonzi ukatae kuumuka, iwashe dakika moja, izime, weka bakuli la unga humo na ufunge mlango. Kwa kazi hiyo oveni fupi ni nzuri kuliko yangu ya sasa, inashika joto haraka.

Yangu ya kwanza sikuiuza, nilimpa wifi akaondoka nayo kwa basi la Kongwa. Anachomea karanga, anauza vifungashio vya mia tano mia tano stendi, na anasema hajawahi kuona chombo kizuri kama kile. Karanga hazipandi.